Juu ya Siku za Wanawake na Mabadiliko ya Moyo Yajayo Nazo



Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 31, twasoma habari za Raheli, jinsi alivyoiba vinyago vya baba yake, akavificha katika matandiko ya ngamia, kisha akaketi juu yake. Labani alipoingia hemani kuvitafuta, Raheli alimwomba asikasirike kwa kuwa haondoki pale alipoketi, maana alikuwa katika siku zake. Labani akapapasa hema yote, asipate kitu. Wala hakuuliza neno jingine. Nimelihubiri fungu hili mara mbili tangu nilipobarikiwa kuwa mchungaji, na mara zote mbili nilipita mbio mahali hapo, nikakaza maneno juu ya wizi na vinyago. Sasa naona ya kuwa nilifanya sawasawa na Labani. Na sisi wanaume wengi tu wana wa Labani katika jambo hili: tukisikia neno la hedhi twatoka hemani.

Hapa kwetu Ngujini, na katika milima yote ya Upare nijuavyo mimi, habari hizi husemwa na bibi kwa mjukuu wake jikoni, kwa sauti ya chini. Mwanamume akitokea mlangoni, mazungumzo hugeuka mara moja yakawa habari za maharage. Sitaki kuwaondolea akina mama haya zao. Haya njema ni pambo. Lakini lipo jambo moja katika habari hizi ambalo haifai tena liachwe jikoni, kwa sababu limekwisha kufika katika mabaraza yetu ya wazee, nasi tumelihukumu bila kulijua. Nalo ni hili, ya kuwa siku za mwanamke hazigusi mwili wake tu, bali hugusa na moyo wake: huzuni, hamaki, machozi yasiyo na mwito, na hofu. Ningependa kuwasimulia nilivyojifunza, ingawa habari yenyewe hainipi sifa.

Mama mmoja wa usharika, mwenye watoto wanne, mwimbaji hodari, alikuja kwangu jioni moja kuungama. Alisema amemtukana mume wake maneno mazito mbele ya watoto, amempiga mtoto wa pili pasipo kosa kubwa, na usiku hakulala kwa kulia. Niliomba pamoja naye, nikampa Zaburi ya 51 aisome nyumbani, akaenda zake kwa amani. Baada ya muda akaja tena, na ungamo lile lile. Nikampa zaburi ile ile. Akaja mara ya tatu. Safari hii nilimwambia, kwa ukali kidogo, ya kuwa toba isiyozaa matunda yatutia mashaka. Aliniangalia tu, akasema, “Hata mimi, Baba Mchungaji, yanitia mashaka.” Mara ya nne hakuja yeye, alikuja mume wake kumshitaki mbele ya baraza. Wazee walipokutana, mmoja alisema ni pepo. Mwingine alisema ni kiburi cha kuwa na kazi ya cherehani. Wengi wakaelekea kumtenga na Meza ya Bwana kwa muda, ili ajifunze upole. Nami nakiri mbele yenu ya kuwa moyo wangu ulielekea huko huko. Sikupinga, nilisema tu ya kwamba tungoje kikao cha pili.

Nilirudi nyumbani na daftari langu la kazi. Mama Mchungaji alikuwa akichambua maharage. Sikumtajia jina, wala hapakuwa na haja, maana kijiji ni kidogo. Nilimwambia tu ya kuwa yuko mtu anayeungama dhambi moja kila wakati. Akaniuliza, “Alikuja lini na lini?” Nikafungua daftari nikamsomea: tarehe 6 Machi, tarehe 2 Aprili, tarehe 1 Mei, na tarehe 28 Mei mume wake akaleta mashitaka juu ya maneno ya jana yake usiku. Akahesabu kwa vidole: siku 27, siku 29, siku 27. Akasema, “Huo ni mwezi wa mwanamke,” kisha akaendelea na maharage yake. Mimi niliyefundishwa Kiyunani na historia ya Kanisa miaka mingi, nilikuwa na tarehe zile mkononi, zimeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, wala sikuziona.

Asubuhi yake nilishuka kwa muuguzi wa zahanati nikamwomba anifundishe kama mtu afundishavyo watoto wa kipaimara. Niliyoyasikia kwake, na niliyoyasoma baadaye, ndiyo haya.

Mwezi wa mwanamke huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu mpaka siku inayotangulia damu nyingine. Kwa wengi ni siku 28 hivi, lakini mtu mzima aliye na 21 au 35 naye ni mzima wa afya. Katika siku za kwanza mwili huanza kulea yai katika mojawapo ya vifuko viwili vya mayai vilivyo kando ya mji wa mimba. Kifuko hutoa maji ya mwili yaitwayo homoni, na homoni ya nusu hii ya kwanza ni estrojeni. Huongezeka siku kwa siku, na wanawake wengi husema siku hizo mwili ni mwepesi na moyo umechangamka. Yapata katikati ya mwezi yai hutoka. Mahali lilipotoka hubaki kama kovu la rangi ya manjano, nalo hutoa homoni ya pili, projesteroni, inayoutayarisha mji wa mimba kumpokea mtoto. Kovu hilo huishi siku 14 hivi. Mimba isipotungwa hunyauka, homoni zote mbili hushuka kwa haraka, na matandiko yaliyotayarishwa hutoka kama damu. Kisha kazi huanza upya.

Basi, zile taabu za moyo huja katika nusu ya pili, hasa katika juma la mwisho kabla ya damu, nazo huondoka damu ikiisha kuanza, ndani ya siku chache. Hili ndilo neno la kushika. Watu wengi hudhani mwanamke huwa mkali “akiwa katika siku zake.” Kwa walio wengi uzito wa moyo hutangulia siku zile, damu ikitokea, moyo hupata nafuu, hata kama tumbo ndilo linalouma. Kwa hiyo mume anayengoja kuona dalili ya damu ndipo awe mpole, amechelewa kwa juma zima.

Matabibu hawakulijua jambo hili vema tangu zamani. Mwaka 1931 Daktari Robert Frank wa New York aliandika juu ya wanawake waliopata mkazo mkubwa wa moyo katika siku zinazotangulia hedhi, mkazo ambao ulitoweka damu ilipoanza. Mwaka 1953 Katharina Dalton na Raymond Greene wa Uingereza wakaandika habari zake kwa upana zaidi katika gazeti la matabibu wa nchi yao, wakaupa ugonjwa huo jina unaoitwa kwalo mpaka leo. Bibi Dalton alisadiki ya kuwa dawa yake ni kuongezewa projesteroni, akawatibu wengi hivyo; majaribio yaliyofanywa baadaye hayakumthibitishia. Lakini alifanya jambo moja kubwa: aliwasadiki wanawake waliokuja kwake, wakati wenzake wengi walipowaambia ni mawazo yao tu.

Swali lililowasumbua matabibu ni lile lile linalosumbua baraza la wazee: kwa nini mmoja apatwe na nduguye asipatwe, nao wamenyonya ziwa moja? Mwanzo walidhani mwenye taabu ana homoni nyingi mno, au chache mno. Wakapima damu, wakakuta kiasi ni kile kile. Mwaka 1998 Daktari Peter Schmidt na wenzake huko Marekani walitangaza majaribio yao. Walichukua wanawake wenye taabu hizi, wakazilaza homoni zao kwa dawa. Wengi wao wakapona ile huzuni. Kisha wakawarudishia homoni hizo kwa kiasi cha kawaida, na huzuni ikarudi. Wanawake wasio na taabu hizi walipofanyiwa vivyo hivyo, hawakuona badiliko lolote moyoni. Maana yake nini? Homoni zi sawa. Tofauti ni namna ubongo wa huyu unavyozipokea. Ni kama upepo mmoja unaopita juu ya migomba miwili: mmoja hutikisika majani tu, na mwingine, kwa jinsi ulivyoota, huinama mpaka chini. Hakuna aonaye haja ya kuukemea mgomba.

Wanawake walio wengi huona badiliko fulani, dogo, wakaendelea na kazi zao. Wengine huona badiliko la kuwachosha. Na wako wachache, hesabu nyingi za matabibu huwaweka kati ya 2 na 8 katika kila 100, ambao juma lile huwa bonde la giza kabisa: hawawezi kazi, hugombana na kila mtu, hujiona si kitu, na wengine hutamani kufa. Hali hii kali imeandikwa kuwa ugonjwa wa haki katika kitabu cha Chama cha Matabibu wa Akili wa Marekani cha mwaka 2013, na tena katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Nataja miaka hii kwa ajili ya ndugu wanaosema, “Mbona mama zetu hawakuwa na ugonjwa huu?” Walikuwa nao. Hatukuwa na jina lake, tukautafutia majina mengine, na mengine ya majina hayo yalikuwa mabaya sana.

Sasa narudi kwa mama yule, maana hapa nilikuwa karibu kuanguka katika shimo la pili. Baada ya kufundishwa na muuguzi nilijiona nimepata ufunguo. Nilimwita mume, nikamweleza habari za siku 28, naye akafurahi sana, akafurahi kupita kiasi. Akasema, “Kumbe yote ni damu tu! Basi akisema tena sitamsikiliza.” Hapo nilishituka. Nikamwuliza, “Hasa amekutukania nini?” Akasita. Hatimaye akasema mke wake hulitaja kila mara jambo la mtamba. Palikuwa na mtamba waliyemfuga zizini miaka mitatu; mke ndiye aliyemkatia majani kila siku na kuyapandisha mlimani kichwani. Mume akamwuza mnadani pasipo kumwambia, na fedha akazitumia kwa shauri lake mwenyewe. Katika majuma matatu ya mwezi mama yule alinyamaza, alitia jiwe juu ya neno lile. Katika juma la nne hakuwa na nguvu za kulishika jiwe.

Angalieni basi, wazee wenzangu. Sisi barazani tulisikia kelele, hatukusikia habari za mtamba. Kama ningemwacha mume aondoke na elimu yangu mpya, ningekuwa nimempa fimbo nyingine ya kumpigia mke wake. Matusi yalikuwa makosa, na mtoto kupigwa yalikuwa makosa, na mama mwenyewe hakuyakana. Lakini deni la mtamba lilikuwa deni tarehe 6 na tarehe 20 vile vile. Kwa hiyo nasema kwa nguvu: mwanamume asimwambie mke wake katikati ya maneno, “Najua, ni siku zako.” Hata ikiwa ni kweli, neno hilo humziba kinywa, naye aliyezibwa kinywa huongezeka uchungu. Neno zito na lingoje, kwa mapatano ya wote wawili, siku tano au sita. Kisha siku hizo zikipita lazima lisemwe. Kungoja bila kusema baadaye ni hila.

Wako watakaoniuliza juu ya Torati. Mambo ya Walawi 15 yasema mwanamke wa hedhi alihesabiwa kuwa najisi siku saba, na kila alichokikalia vile vile. Nimeona kina mama wazee katika sharika zetu wasiokaribia Meza ya Bwana siku hizo. Hubaki kwenye viti vyao nyuma, wameinama, na watu hudhani wana dhambi ya siri. Kanisa letu halina sheria ya namna hiyo. Swali lenyewe si geni. Beda, aliyemaliza kuandika historia ya Kanisa la Waingereza mwaka 731, ametuwekea majibu ya Papa Gregorio kwa Agostino wa Canterbury, aliyeuliza jambo hili hili miaka mia na zaidi kabla yake. Naye alijibiwa ya kuwa mwanamke asikatazwe kuingia kanisani siku hizo, wala asikatazwe Ushirika Mtakatifu, kwa kuwa jambo la maumbile si hatia yake. Tena tunaye yule mwanamke wa Marko 5, aliyetokwa na damu miaka 12 na kumaliza mali yake kwa matabibu. Alimgusa Bwana kwa nyuma, kwa siri, kama kina mama wale wanavyokaa nyuma. Bwana hakujitakasa baada ya kuguswa. Alimtaka ajitokeze mbele ya watu, akamwita binti. Waalimu, hubirini hili fungu lote. Msiishie kwenye neno la imani mkaruka neno la damu.

Na kwa habari ya huzuni yenyewe, yako mafundisho mazuri katika 1 Wafalme 19, ambayo mimi niliyapita miaka mingi nikikimbilia ile sauti ndogo ya utulivu. Eliya aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Yeye alikuwa nabii, muda mfupi tu baada ya kushinda Karmeli. Malaika alipokuja hakumkemea, wala hakumpa zaburi ya toba. Alimgusa, akampa mkate na maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili na chakula. Ndipo baada ya kula mara mbili na kulala mara mbili safari ikaendelea, na maswali yakaja baadaye sana, mlimani Horebu. Naye Martin Luther, aliyeijua huzuni nzito maisha yake yote, alipomwandikia kijana Jerome Weller mwaka 1530, alimshauri akimbie upweke, atafute watu, ale na kunywa na kucheka nao. Mimi nilimpa mama yule mwenye taabu Zaburi ya 51 mara mbili, wala sikumwuliza kama amekula.

Yafaa basi kujua yanayosaidia. La kwanza na la maana kuliko yote ni kuandika. Mwanamke achukue kalenda ndogo, atie alama siku ya kwanza ya damu, na kila jioni aandike neno moja la hali ya moyo: mwema, mzito, machozi, hasira. Afanye hivyo miezi miwili kwa uchache. Pasipo maandiko hayo hata daktari hubahatisha, kwa sababu mtu akikumbuka mambo ya nyuma hukumbuka yale makali tu. Maandiko yakionyesha ya kuwa uzito huja na kuondoka kwa zamu, jambo limejulikana. Yakionyesha uzito siku zote za mwezi, basi ni huzuni ya namna nyingine, inayohitaji tiba yake, nasi tusiitupie hedhi. Wanawake kadhaa wameniambia ya kuwa kuandika tu kuliwapunguzia hofu, mmoja alisema, “Sasa nikianza kulia naangalia kalenda, nasema, kumbe ni wewe, ingia, utatoka Alhamisi.”

Chakula: ale kidogo kidogo mara nyingi kuliko kukaa na njaa mpaka jioni. Makande yetu, ambayo watu wa pwani hututania kwayo, ni chakula chema hapa, maana maharage na mahindi hukaa tumboni na kutoa nguvu polepole. Apunguze chumvi kama mwili huvimba, na kahawa kama usingizi ni haba. Maziwa, dagaa na mboga za majani zina madini ya kalisi. Katika majaribio ya Marekani yaliyotangazwa mwaka 1998, wanawake waliopewa kalisi miligramu 1,200 kila siku walipungukiwa na dalili kwa karibu nusu ilipofika miezi mitatu, nao waliopewa vidonge vitupu bila kujua walipungukiwa kwa karibu theluthi. Kwa hiyo kalisi husaidia, lakini si muujiza. Na kule kutazamwa tu na mtu anayejali nako kulikuwa na faida kubwa, kama hesabu yenyewe inavyoonyesha.

Vitabu vya matabibu husema pia kwamba mwanamke afanye mazoezi ya mwili. Nililisoma hili nikacheka peke yangu. Mwanamke wa Ngujini aliyepanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, akashuka shambani, akapanda tena na mzigo wa kuni, nitamwambia aende mbio kwa ajili ya afya yake? Walioandika hivyo waliwaandikia wanawake wanaokaa vitini mchana kutwa, na kwa binti zetu walioko maofisini Same, Moshi au Dar es Salaam shauri hilo ni jema sana. Kwa mama wa huku milimani namgeukia mume wake. Katika juma lile ndoo mbili za maji zichukuliwe na mwanamume, na mama alale mapema usiku mmoja au miwili. Yule mume wa mtamba alifanya hivyo. Wenzake walimcheka kisimani siku ya kwanza na ya pili. Siku ya tatu mmoja wao alimwuliza kwa siri sababu yake ni nini.

Yakiwa hayo hayatoshi, hospitali ziko, na dawa ziko. Kwa maumivu ya tumbo ziko dawa kama ibuprofeni, ambayo huliwa pamoja na chakula, kwa mwenye vidonda vya tumbo isipokuwa kwa shauri la daktari. Kwa ile hali kali ya moyo matabibu hutoa dawa za huzuni zinazosaidia kiini cha ubongo kiitwacho serotonini. Na jambo la ajabu ni kwamba kwa taabu hii baadhi ya wanawake huzitumia majuma mawili tu ya kila mwezi nazo zikafaa, ambapo kwa huzuni ya kawaida hazionekani kazi yake upesi hivyo. Wengine hupewa namna fulani ya vidonge vya uzazi wa mpango ili mwili upumzike kupanda na kushuka. Hayo yote ni kazi ya daktari. Mchungaji asiyaandike, wala jirani asigawe vidonge vyake. Na damu ikiwa nyingi mno, mama apimwe wingi wa damu mwilini, maana upungufu wake nao huleta uchovu na moyo kushuka.

Neno moja sitaki lisomwe haraka. Ikiwa mwanamke asema anatamani kufa, au asema watoto wangekaa vizuri zaidi bila yeye, msiseme ni siku zake, itapita. Asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni karibu naye dawa za mashambani na kila kitu cha kudhuru, mkampeleke siku ile ile zahanati au hospitali, nao watampeleka mbele ikibidi, hata KCMC kule Moshi. Ni kweli kwamba juma hupita, lakini wako waliokufa kabla halijapita.

Juu ya mabinti nitasema machache, maana akina mama wajua zaidi. Damu ya kwanza huja mara nyingi kati ya miaka 12 na 14, wengine mapema, wengine baadaye. Msichana asiyeambiwa kitu hudhani ameumia au ameadhibiwa. Darasani huketi akiwaza nguo yake nyuma kuliko hesabu zilizo ubaoni, na mwalimu humwita mvivu. Mwaka 2018 serikali yetu iliondoa kodi ya ongezeko la thamani katika taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha. Kenya waliiondoa tangu 2004. Hayo ni ya wakubwa. Sisi twaweza kuhakikisha ya kuwa katika nyumba ya mikutano ya usharika pana choo chenye mlango unaofungwa kwa ndani, na maji. Nimekagua chetu. Mlango ulikuwa hauna komeo, na ulikuwa hivyo tangu kabla sijahamia hapa. Tena kwa akina mama wanaokaribia miaka 50, ambao damu yao huja kwa kurukaruka kabla ya kukoma: mioyo yao yaweza kutikisika kuliko walipokuwa vijana, usingizi ukakimbia na joto likawapanda. Kalenda yafaa kwao pia, ingawa haitakuwa na mstari ulionyoka.

Waalimu wa vitongojini mtaniuliza mwanamume aanzeje kusema mambo haya na mwanamke asiye mke wake. Asianze yeye. Nimeona vema kwamba Umoja wa Wanawake wawe na kipindi chao na muuguzi, pasipo sisi. Na siku nyingine wanaume nao wakae peke yao na muuguzi, waulize wapendavyo. Tulipofanya hivyo kwetu, wanaume walinyamaza robo saa nzima, nikadhani tumeshindwa. Kisha mzee mmoja, aliyepita miaka 70, akauliza kama inawezekana kwamba marehemu mke wake alikuwa na ugonjwa huu. Alieleza jinsi alivyokuwa akienda kulala kwa ndugu yake kila mwezi ili kukwepa ugomvi, akimwacha peke yake. Muuguzi alimjibu ya kuwa hawezi kujua sasa. Mzee akasema, “Siku zenyewe zilihesabika. Nilikuwa najua siku ya kuondoka.” Baada yake maswali hayakukoma mpaka giza.

Kuhusu kesi iliyokuwa barazani, katika kikao cha pili mume aliiondoa mwenyewe. Wazee walimwamuru alipe nusu ya fedha za mtamba, naye amelipa kwa mafungu mawili. La tatu ameahidi baada ya mavuno ya kahawa. Mama yule bado huja ofisini kwangu mara kwa mara. Juzi alikuja kuniomba kalenda ya usharika yenye nafasi kubwa zaidi chini ya kila tarehe, kwa kuwa hii ya sasa, asema, imeachiwa nafasi za wanaume.